Maswali Mekundu

Mkuu wa shule hakumwambia aketi. Aliigeuza kompyuta yake ikamwelekea mwalimu wa malezi, akakunja mikono kifuani, akangoja. Karibu na dirisha alikaa mkaguzi kutoka ofisi ya elimu, mwanamume mwembamba mwenye faili magotini. Kwenye kioo kulikuwa na orodha ndefu, kila mstari ukiwa na alama ya vema ya kijani mwishoni, na kila mstari ukirudia maneno yale yale: *Nimezungumza na mwanafunzi na mzazi wake. Hali ni shwari.*

Maneno hayo mwalimu aliyajua kuliko alivyozijua sala zake. Aliyatunga mwanzoni mwa mwaka, na tangu hapo hakuyaandika tena. Aliyanakili tu na kuyabandika kila Ijumaa kabla ya saa tisa, kwa sababu ripoti ikichelewa ofisi ya elimu ilipiga simu, na ofisi ikipiga simu mkuu wa shule hukosa usingizi. Walimu wenzake walikuwa wameshambatiza jina la Shwari. Akiingia chumba cha walimu walimwuliza kama bahari imetulia, naye alicheka nao. Mtu hucheka na mengi wakati mambo hayajamgeukia.

"Nambari hii," mkuu wa shule alisema, akigusa kioo kwa kalamu, "imeuliza maswali mekundu kumi na tisa katika miezi miwili. Yote ni habari ya vidonge. Mara kumi na tisa umeandika kwamba umezungumza na mtoto na mzazi wake. Ndivyo?"

"Ndivyo, mkuu."

Uongo ulitoka mwepesi, kama mtu anayeitikia salamu. Hapo ndipo mkaguzi alipoinua kichwa, akauliza kwa upole mzazi alisemaje. Mwalimu akajibu kwamba mzazi alishukuru sana, akaahidi kushirikiana na shule. Mkaguzi aliandika hilo kwenye faili lake, akapiga nukta, akafungua ukurasa mwingine.

"Mzazi ni wewe," alisema. "Nambari mia tatu na sita ni binti yako."

Kitabu kilichopokea maswali hayo kililetwa mwanzoni mwa mwaka, ndani ya vishikwambi vilivyogawiwa darasa kwa darasa. Kilikuwa kitabu cha kidijitali cha kufundisha madhara ya dawa za kulevya, na ndani yake mlikuwa na mwalimu wa akili mnemba, ambaye wanafunzi walimwita Mjomba, kwa kuwa hakuchoka, hakugomba, na aliulizika yale ambayo mtoto hathubutu kumwuliza babake. Lakini Mjomba hakuficha mambo. Swali likinuka hatari, aliligeuza jekundu na kumwambia mwulizaji waziwazi kwamba analipeleka kwa mwalimu wa malezi, naye atakuja kuzungumza naye ana kwa ana. Mwalimu alipata swali na nambari tu. Jina lilifungwa kwa neno la siri, ambalo ofisi ya elimu ilikuwa nalo, na yeye pia. Hakuwahi kulitumia.

Mkuu wa shule alimweleza yaliyobaki akiwa amekwisha simama, kana kwamba mazungumzo yanamchafulia ofisi. Binti ameitwa, ameulizwa kama maswali ni yake, amesema ni yake. Sheria ya shule inajulikana: anayetumia anaondoka. Kamati ya nidhamu inakaa kesho saa nne. Na kwa kuwa yumo darasa la mtihani, akiondoka sasa jina lake litaondolewa kwenye orodha ya watahiniwa, na mwaka wake ndio umekwenda na maji.

*

Chumba cha walimu kilikuwa kitupu. Alikaa mbele ya kompyuta ya pamoja, ile ambayo herufi moja yake ilibanduka zamani na kuwekewa kipande cha plasta, akafungua maswali ya nambari mia tatu na sita. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyasoma.

Tusimwonee. Wiki ya kwanza alisoma maswali yote, moja moja. Mmoja aliuliza kama kunusa chaki kunalewesha. Mwingine alitaka kujua kama mbuzi akila bangi maziwa yake yanapandisha kichwani. Mwalimu alicheka mpaka machozi, akayapeleka nyumbani kumsimulia mkewe, akamweleza na Mjomba anavyofanya kazi, jinsi swali jekundu linavyokuja moja kwa moja hadi kwake. Mke naye alicheka, pini zikiwa kati ya midomo. Basi mwalimu akaona hapa hakuna kazi, ni utoto mtupu, akatunga ule mstari wake. Dhambi nyingi huanza hivyo, kwa kicheko.

Swali la kwanza liliuliza kama vidonge vya maumivu vya hospitali, mtu akivinywa miezi mitano baada ya kupasuliwa mgongo, anaweza kuvizoea. Mwalimu alikwama hapo. Binti yake hajapasuliwa mgongo. Aliyepasuliwa mgongo ni mama yake, fundi wa kushona, aliyeanguka ngazini na bunda la kitambaa begani.

Akaendelea kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kuacha. *Nikikosa kimoja mikono inatetemeka, uzi hauingii kwenye tundu la sindano. Nifanye nini? — Daktari alinipa vya wiki tatu, sasa nanunua mwenyewe. Ni aibu kurudi kwake? — Nimeshona makwapa ya sare kinyumenyume, mteja amenirudishia. Hii ni akili yangu au ni vidonge?* Mjomba alijibu kila swali bila kugomba. Alimwambia asiviache kwa ghafla, kwa kuwa mwili unaweza kuumia. Arudi kwa daktari, hakuna aibu, kuna njia ya kupunguza kidogo kidogo akiwa anaangaliwa. Alimwuliza kama yu peke yake nyumbani. Na kila mara alimalizia kwamba swali limefika kwa mwalimu wa malezi.

Swali la kumi na moja halikuwa la vidonge.

*Mwalimu wa malezi bado hajazungumza nami. Swali langu amelipata?*

*Amelipata,* Mjomba alijibu. *Ameandika kwamba amezungumza nawe na hali ni shwari. Je, si kweli?*

*Si kweli.*

*Pole. Nalipeleka tena.*

Likapelekwa tena, na Ijumaa yake likabandikwa tena. Mwalimu alitafuta tarehe. Ijumaa hiyo aliikumbuka kwa sababu ndipo mkuu wa shule alipomkabidhi barua ya pongezi, kwa kujibu maswali asilimia mia, na walimu wakamtaka awanunulie soda. Aliinunua. Alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Akafunika uso kwa viganja. Alitamani awepo mtu wa kumlaumu, japo kidogo, japo nusu. Hakumpata.

*

Binti alikuwa jikoni anakatakata vitunguu, bado na sare ya shule. Mashine ya kushonea ilikuwa inasikika chumba cha pili, inakwenda, inasimama, inakwenda. Mwalimu alisimama mlangoni na mkoba wake mkononi kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Kwa nini ulisema ni yako?"

"Ningesema nini, Baba?" Hakuacha kukata. "Nimtoe Mama mbele ya mtu mwenye faili?"

"Ulijua?"

"Kishikwambi si changu? Nilimwazimisha mara ya kwanza, nikaona. Akaniomba nisiseme. Akaniambia, babako anajua, anatafuta tu namna ya kuanza." Alipangusa macho kwa kifundo cha mkono, na vitunguu vilimsaidia kuficha asichotaka kionekane. "Nikawa nangoja uanze. Kila Ijumaa nangoja."

Mwalimu aligeuka. Aliweka mkoba chini, akaenda chumba cha pili.

Mkewe aliona miguu yake kabla ya uso, kwa kuwa alikuwa ameinama kwenye pindo la sketi. Aliuondoa mguu kwenye pedali. Pembeni yake kulikuwa na rundo la sare ambazo hazijatiwa vifungo, zote zikiwa zimechelewa. Tangu siku za uchumba wao alimwita mumewe Mwalimu, kwa utani, na jina likaganda.

"Mtoto ameniambia," alisema. "Keti, Mwalimu. Usinisimamie hivyo."

Akaketi juu ya kiti cha wateja, kile cha kupimia.

"Ulijua kwamba maswali yanakuja kwangu?"

"Yalikuwa yanakuja kwako. Ndiyo maana niliuliza."

Alisema hivyo bila ukali, na hilo ndilo lililomkata zaidi. Kisha akaeleza, huku akikunja na kukunjua futi kamba yake kidoleni. Mara mbili alijaribu kumwambia kwa mdomo. Mara ya kwanza mumewe alisema, ngoja kidogo mama, nimalize ripoti. Mara ya pili alikuwa amelala tayari. Ndipo akakumbuka ile habari ya mbuzi na maziwa, akaona kumbe iko njia: mumewe huyu hasikii ya nyumbani, lakini ya kazini huyasoma yote. Aliazima kishikwambi, akaandika. Moyo ulimdunda siku tatu. Ijumaa mume akaja, akala, akasifu mboga, akalala.

"Nikasema labda hajajua ni mimi. La pili nikalifanya wazi zaidi. La tatu nikataja sindano na uzi. Mtu gani mwingine shuleni kwenu anashona, Mwalimu?" Akatabasamu kidogo, tabasamu baya. "Halafu yule Mjomba akaniambia umeandika umezungumza nami na hali ni shwari. Nikasema, basi. Amesoma, ameona ni mimi, ameamua kufunika. Ananionea haya. Nikaona afadhali nami ninyamaze, nisikuaibishe kazini kwako."

"Sikusoma," mwalimu alisema. "Hata moja. Naapa sikusoma."

Mke alimtazama kwa muda, kama anayepima nguo machoni kabla ya kushika mkasi.

"Sijui kama hilo ni bora au ni baya zaidi," alisema.

Ni baya zaidi. Mwalimu alilijua hilo kabla hajaambiwa. Mume anayejua na kunyamaza angalau amemtazama mkewe. Yeye alikula miezi miwili mboga ya mtu anayetetemeka, na mkono ule ule ulipomwekea sahani hakuuona. Mganga hajigangi, walimwengu walisema zamani, lakini hawakusema habari ya mganga aliyekuwa haangalii hata wagonjwa wa wengine.

Akamwuliza anakunywa vingapi. Mke akasema leo sita, jana saba. Akamwonyesha vilipo, ndani ya kopo la vifungo, chini ya vifungo vyeusi ambavyo wateja hawavitaki. Mwalimu hakuvitupa, hakugomba. Alikuwa amesoma jibu la Mjomba kwamba haviachwi ghafla, na alishukuru kwa uchungu kwamba jambo hilo moja alilijua. Alimwambia kesho asubuhi waende hospitali. Mke akasema ataenda na dada yake, ameshamwita.

"Wewe nenda na mtoto. Na ukifika huko mbele ya kamati, usimwache abebe mzigo wangu. Nitaje."

"Watu watasema."

"Waseme. Mimi nimeogopa watu miezi saba, hawakunipunguzia hata kidonge." Alirudisha mguu kwenye pedali, lakini hakuikanyaga. "Ungeniuliza tu, Mwalimu. Hata kwa kubahatisha. Ungesema tu, una nini siku hizi."

Akamwuliza basi, jioni ile, una nini siku hizi. Mke akamjibu. Alijibu kirefu, tangu siku ya kwanza aliyokunywa viwili badala ya kimoja kwa sababu sare arobaini zilitakiwa Jumatatu, na mume alisikiliza mpaka vitunguu vikaiva jikoni na binti akaita mara mbili kwamba chakula kiko tayari.

*

Kabla ya saa nne mkuu wa shule alimvuta pembeni kwenye korido, akamtia karatasi mkononi. Usiku alikuwa amefikiri. Karatasi ilisema kwamba mtambo wa kitabu ulichanganya nambari, kwamba maswali yaliyotajwa hayana mwenyewe shuleni, na kwamba shule inaomba maswali mekundu yote ya mwaka huu yafutwe, kwa kuwa hayaaminiki. Chini palikuwa na nafasi ya saini ya mwalimu wa malezi.

"Tufunike kombe, mwalimu," alinong'ona. "Binti anabaki, wewe unabaki, barua ya pongezi inabaki ukutani. Mashine haina mtoto wa kulisha."

Tuseme kweli: aliipenda ile karatasi. Aliisoma mara mbili, na mara zote mbili aliiona nzuri. Hata mkewe isingemtaja. Aliingia nayo chumbani ikiwa imekunjwa mfukoni, na kalamu alikuwa nayo.

Kamati ilikuwa ya watu wanne. Mkuu wa shule, naibu wake, mkaguzi, na mwenyekiti wa wazazi, mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anayepima misumari kwa mkono na kumjua mwongo kwa uzito. Binti alisimamishwa mbele ya meza, mikono nyuma. Mwenyekiti wa wazazi alisema yeye hana chuki na mtoto wa mtu, lakini samaki mmoja akioza wote wameoza, na wazazi waliomtuma hawakumtuma kuhurumia. Alimtazama binti kuanzia viatu. Binti alitazama chini, na baba yake akaona shingo ile nyembamba ilivyojitayarisha kupokea chochote kitakachoshuka.

Mkuu wa shule akasema mwalimu wa malezi ana maelezo, ya kitaalamu, kuhusu mtambo.

Mwalimu alisimama. Aliitoa karatasi, akaikunjua, na macho yakaangukia kwenye neno yafutwe. Akamfikiria mkewe siku tatu moyo ukimdunda, akingoja mtu aliyekwisha andika kwamba amekuja. Akaiweka karatasi mezani bila kuisaini.

"Mtambo haukukosea," alisema. "Maswali hayakuwa ya binti yangu. Ni ya mke wangu. Amezoea vidonge vya maumivu tangu alipopasuliwa mgongo, na saa hizi yuko hospitali. Yeye mwenyewe ameniambia nimtaje. Mtoto aliazimisha kitabu akamficha mama yake, hilo tu ndilo kosa lake. Anayestahili kusimama pale alipo yeye ni mimi. Niliandika nimezungumza, na sikuzungumza."

Mkuu wa shule alifumba macho. Mkaguzi akauliza, kwa upole wake ule ule, kama hilo ni kwa nambari hii peke yake.

"Kwa nambari zote. Maswali mia moja na themanini na saba. Ya wiki ya kwanza niliyasoma nikayacheka. Yaliyofuata sikuyafungua."

Hapakuwa na mabishano marefu baada ya hapo. Mkaguzi alisema mtoto hana kesi, arudi darasani, na jina lake libaki kwenye orodha ya mtihani. Habari ya mwalimu itaandikiwa barua, na hadi barua hiyo ifike asiguse kitabu wala kazi ya malezi. Naibu aliandika. Binti alisema asante, akatoka. Mlangoni alimtazama baba yake mara moja, na mwalimu hakuweza kujua kama ndani ya jicho lile mlikuwa na msamaha. Hakudhani anastahili kuujua upesi hivyo. Akachukua mkoba wake, aende hospitali.

"Mwalimu, ngoja."

Alikuwa mwenyekiti wa wazazi. Ukali wote ulikuwa umemtoka usoni tangu itajwe ile mia moja na themanini na saba, na mikono yake mikubwa ya dukani ilikuwa imeshikana juu ya meza.

"Mwanangu yuko kidato cha pili," alisema. "Tangu muhula uliopita hali chakula vizuri. Anashinda amejifungia na kile kishikwambi. Nikimwuliza anasema ni masomo." Akainua macho. "Yumo humo?"

Chumba chote kikamgeukia mwalimu. Alijaribu kukumbuka, kwa nguvu zake zote, hata swali moja, hata nambari moja, na alichokiona ni mstari wake mwenyewe tu, umebandikwa juu ya mwenziwe, umebandikwa juu ya mwenziwe, hadi chini.

"Sijui, mama," alisema. "Sikusoma."